Rubani wa meli akikosea, nani amhukumu? Mifumo minne ikilinganishwa kwa ajili ya Ziwa Victoria

Meli kubwa zimerudi Kisumu. MV Uhuru, meli ya mwaka 1966 inayobeba mabehewa ya treni, ililala gatini kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kufufuliwa mwaka 2019. Sasa ina mdogo wake, MV Uhuru II, iliyoundwa papa hapa Kisumu. Gati la mafuta lilikamilika mwaka 2018 ili mafuta yanayofika kwa bomba kutoka pwani yavushwe ziwani hadi Uganda. Nayafurahia haya yote. Kila shehena inayopita majini ni malori mengi yaliyopungua kwenye barabara za Busia na Malaba.

Lakini chombo cha mafuta kinapita kwenye maji tunayokunywa. Maji ya mfereji ya mji wa Kisumu yanavutwa ziwani pale Dunga, hatua chache kutoka kwenye ufuo ambako akina mama wanakaanga ngege na kupima omena kwa gorogoro. Ghuba ya Winam ni ndefu, nyembamba na haina kina kikubwa. Gugumaji linaweza kuifunika njia ya meli kwa usiku mmoja upepo ukigeuka. Mafuta yakimwagika ndani ya ghuba hii hayana pa kwenda, yatabaki nasi.

Kwa hiyo nauliza swali ambalo bandari nyingi duniani zimelijibu baada ya msiba: mtu aliyeaminiwa kuiongoza meli akikosea, nani ana haki ya kumchunguza, kumsimamisha na kumnyang'anya leseni?

Rubani wa meli ni mtu anayepanda meli ya wengine akamshauri nahodha namna ya kuingia au kutoka mahali penye hatari, kwa kuwa yeye anapajua. Nahodha anabaki na dhamana ya chombo chake, lakini kwa saa moja au mbili neno la rubani ndilo linaloupeleka usukani. Kenya kazi hii inajulikana zaidi Mombasa. Kwetu ziwani, manahodha wamezoea kuzijua njia wenyewe. Meli zikizidi kuwa ndefu na mizigo ikizidi kuwa ya mafuta, swali la rubani na la nahodha linakuwa moja, na wakati wa kulijibu ni sasa, kabla ya kanuni kuandikwa na watu wa mbali.

Nimechukua mifumo minne: tume ya jimbo kama ya San Francisco, marubani kujisimamia kama Louisiana, bandari kuwa msimamizi kama Uingereza, na mgawanyo wa kazi kama Kanada. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asinitafute: sikubali mfumo wowote ambao anayemlipa rubani, au anayekula naye meza moja, ndiye hakimu wake.

Nani anaketi mezani

Marekani iliamua jambo hili mapema sana. Mwaka 1789 bunge lake liliacha usimamizi wa marubani mikononi mwa majimbo, na hadi leo meli ya kigeni inayoingia bandari za bahari za huko huongozwa na rubani mwenye hati ya jimbo. Ila majimbo hayafanani, na tofauti zao zinatufundisha mengi.

California iliunda bodi ya marubani ya San Francisco mwaka 1850, mwaka uleule ilioingia kwenye muungano. Wajumbe wake saba wenye kura huteuliwa na gavana: wawili ni marubani, wawili wanatoka kwenye biashara ya meli, na watatu ni raia wasio na maslahi humo. Itazameni vizuri hiyo hesabu. Marubani hawafiki nusu, wenye meli hawafiki nusu, na hakuna upande unaoweza kupitisha jambo peke yake. Bodi hiyo ndiyo inayochuja na kufundisha wanaotaka kuwa marubani, ndiyo inayotoa leseni, na ajali ikitokea ina kamati ndogo yenye mjumbe wa umma inayokusanya ushahidi na kuandika ripoti. Adhabu zinaanzia onyo, zinapitia kurudishwa mafunzoni na kusimamishwa, na kuishia kufutiwa leseni. Mikutano ya bodi iko wazi, na mvuvi mwenye malalamiko anaweza kwenda kuketi na kusikiliza.

Louisiana walikwenda njia nyingine. Mto Mississippi unaposhuka kutoka New Orleans kuelekea baharini, rubani hupewa hati na gavana, lakini anayempendekeza kwa gavana ni bodi ya watahini ambao ni marubani wenyewe. Matokeo yake yalifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1947, katika kesi iitwayo Kotch. Watu waliokuwa na uzoefu wa majini na sifa zote za kisheria walilalamika kwamba milango imefungwa: wanaopata nafasi ya kujifunza kazi ni watoto, ndugu na marafiki wa marubani waliopo. Mahakama haikukanusha kwamba ndivyo ilivyo. Kwa kura 5 dhidi ya 4 ilisema tu kwamba utaratibu huo hauvunji katiba.

Niwatendee haki watu wa Louisiana. Hoja yao si ya kipuuzi. Mto ule unabadilisha sakafu yake kila msimu, na anayeujua ni aliyekulia juu yake. Hata kwetu, nani atamweleza mzee wa Rusinga jinsi upepo wa mchana unavyogeuka pale mlangoni mwa ghuba? Hakimu asiyejua maji atamwadhibu mtu kwa uamuzi ambao rubani yeyote mwenye akili angeufanya. Kwa hiyo utaalamu lazima uwepo mezani.

Lakini kuwepo mezani si kumiliki meza. Wahenga walisema kesi ya nyani ukimpelekea ngedere hupati haki, na sisi tunalijua hili kwenye sacco za matatu: mwenyekiti ndiye mwenye gari, dereva ni mpwa wake, na abiria aliyeumizwa anaambiwa apeleke malalamiko ofisini kwa mwenyekiti. Louisiana yenyewe ililiona tatizo. Mwaka 2004 jimbo hilo liliunda bodi nyingine juu ya zile za marubani, kwa ajili ya kupitia na kusimamia mwenendo wao. Ukiona nyumba inaongezewa paa la pili, ujue la kwanza lilikuwa linavuja.

Uingereza haina tume ya namna hiyo. Sheria ya urubani ya mwaka 1987 iliyakabidhi mamlaka ya bandari kazi hii: bandari inaamua kama urubani unahitajika, inamwidhinisha rubani, inaweza kumwajiri, inatoza ada, na inaweza kumsimamisha au kufuta idhini yake baada ya kumpa sababu kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Mombasa inafanana na hali hii kwa sehemu, maana marubani wake ni waajiriwa wa Mamlaka ya Bandari, KPA, ile ile inayoendesha bandari na kukusanya ada. Faida yake ni kasi. Mkuu wa bandari akimtilia rubani shaka asubuhi, jioni hayupo kazini. Hasara yake ni kwamba bandari ina haraka ya kupitisha meli, na rubani anayesema "leo hapana, upepo ni mkali" anamwambia hivyo mwajiri wake.

Kanada ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu huko pia ni maziwa. Mwaka 1972 nchi hiyo iliunda mashirika manne ya umma ya urubani, mojawapo likiwa la Maziwa Makuu, ambako marubani ni waajiriwa wa shirika lenyewe. Kwa miaka mingi shirika liliajiri, likatoa leseni na likaandika kanuni. Halafu mageuzi ya sheria ya mwaka 2019 yakaondoa leseni na kanuni kwenye mashirika hayo na kuzipeleka kwa Waziri wa Uchukuzi. Shirika likabaki na kazi ya kuajiri na kutoa huduma. Anayekulipa mshahara ni mmoja, anayeweza kukunyang'anya leseni ni mwingine.

Asubuhi ya ukungu na dawa za hospitali

Msije mkadhani kwamba tume nzuri kwenye karatasi inatosha. Tarehe 7 Novemba 2007, meli ya makontena Cosco Busan iliondoka Oakland asubuhi, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba meli nyingine ziliamua kusubiri. Rubani mwenye leseni ya jimbo alikuwa juu ya daraja la kuongozea meli. Akiwa anatazama ramani ya kielektroniki, alimwuliza nahodha, ambaye alikuwa Mchina, maana ya pembetatu nyekundu zilizoonekana kwenye kioo karibu na nguzo ya daraja la Bay Bridge. Zilikuwa alama za maboya yanayoonya juu ya nguzo hiyo. Wakashindwa kuelewana. Kituo cha kuongoza meli kikampigia redio kumwuliza kuhusu uelekeo wake, naye akajibu kwamba bado anaelekea kati ya nguzo. Dakika chache baadaye ubavu wa meli ukagonga kinga ya nguzo na kupasuka. Galoni zaidi ya 53,000 za mafuta mazito zikamwagika ndani ya ghuba. Maelfu ya ndege walikufa na fukwe zikafungwa.

NTSB, bodi ya taifa inayochunguza ajali za uchukuzi Marekani, ilitoa ripoti yake mwaka 2009. Sababu ya kwanza iliyotajwa ilikuwa akili ya rubani kudhoofishwa na dawa za hospitali alizokuwa anatumia. Ya pili, yeye na nahodha hawakuketi vya kutosha kabla ya kung'oa nanga kuzungumzia safari. Ya tatu, nahodha hakumsimamia ipasavyo. Na Walinzi wa Pwani, kikosi cha serikali ya shirikisho kinachosimamia usalama wa majini, walilaumiwa kwa usimamizi dhaifu wa afya ya marubani. Rubani huyo alisimamishwa na bodi ya jimbo, akastaafu, kisha mahakama ya shirikisho ikampa kifungo cha miezi 10.

Wengine huishia hapo: mwenye kosa ameadhibiwa, basi. Mimi nadhani hapo ndipo somo linapoanza. Bodi ya San Francisco ilikuwa na wajumbe wa umma, ilikuwa na mamlaka yote ya kisheria, na bado mtu mwenye dawa za namna hiyo alipanda meli ya mita zaidi ya 270 kwenye ukungu. Mwaka 2009 mkaguzi wa hesabu wa jimbo aliichunguza bodi yenyewe na kukuta taratibu zake ni legelege. Sheria za California nazo zilibadilishwa baada ya ajali hiyo, bodi ikawekwa chini ya wizara ya jimbo, na ukaguzi wa afya ukakazwa.

Kwa hiyo mnapolinganisha mifumo, msiulize tu nani anaadhibu. Ulizeni nani anampima rubani kabla hajapanda ngazi. Daktari anateuliwa na nani? Anayo orodha ya dawa zote ambazo rubani anatumia? Anajua kazi ya kusimama usiku kucha kwenye giza inavyohitaji akili nyepesi? Watu wetu wa ziwani wanafanya kazi wakiwa na malaria, wanameza dawa za mafua zinazoleta usingizi, na wengi hawatasema, maana siku moja bila kazi ni siku moja bila ugali. Nidhamu ya kweli inaanzia hapo, kwa kumpa mtu ruhusa ya kusema "leo siko sawa" bila kupoteza mkate wake. Katika hili mfumo wa mwajiri una nafasi nzuri kuliko mfumo wa rubani anayelipwa kwa kila meli, kwa sababu mwajiriwa ana likizo ya ugonjwa. Nalisema hili ingawa linaunga mkono upande ambao siupendelei.

Je, bandari yenyewe inaguswa?

Hapa Uingereza inawashinda wote watatu.

Tarehe 15 Februari 1996 meli ya mafuta Sea Empress, ikiwa na rubani, iligonga miamba ikiingia Milford Haven, kule Wales. Tani 72,000 hivi za mafuta ghafi zilimwagika katika siku zilizofuata. Wachunguzi wa ajali za baharini wa serikali, ambao hawako chini ya bandari, walisema chanzo cha kugonga kilikuwa kosa la rubani, lakini wakataja pia upungufu wa mafunzo na uzoefu wake. Swali lililofuata ni la haki: nani alimpa rubani huyo meli kubwa kabla hajaiva? Bandari. Ikashtakiwa, na mwaka 1999 ikatozwa faini ya pauni milioni 4. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliipunguza hadi pauni 750,000, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika. Mwaka 2000 Uingereza ilitoa mwongozo wa usalama wa bandari unaowabana wakurugenzi wenyewe, wasiseme tena kwamba kosa ni la kijana aliyekuwa juu ya meli.

Linganisheni na tulivyozoea huku. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafa. Rais Magufuli alisema nahodha hakuwemo na kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa mtu asiyefunzwa. Watu wakakamatwa, na bodi ya TEMESA, wakala wa serikali uliokuwa na vivuko, ikavunjwa. Hasira ile ilikuwa ya haki kabisa. Ila ni nidhamu inayokuja baada ya majeneza, kwa amri ya mtu mmoja, na haiachi nyuma yake meza ambapo kesi inayofuata itasikilizwa ikiwa bado ni ndogo. Ziwa letu lilikuwa limeshaonywa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, mamia ya watu walipozama na chombo kilichopakia abiria kupita kiasi.

Makosa madogo ndiyo yanayopaswa kusikilizwa. Meli iliyogusa tope na kujinasua, meli iliyokwangua gati, nahodha aliyepita karibu mno na mitumbwi ya omena usiku taa zao zikiwa zinawaka. Haya kwetu hufunikwa: funika kombe mwanaharamu apite. Mfumo mzuri una mahali pa kuyaandika.

Kosa la rubani na kosa la meli

Si kila ajali ni ya rubani, na mfumo usiojua tofauti hiyo utawafukuza watu wazuri. Tarehe 26 Machi 2024 meli Dali ilipoteza umeme ikitoka Baltimore na kuangusha daraja la Francis Scott Key. Rubani wa jimbo la Maryland na rubani mwanafunzi walikuwamo. Meli ilikuwa imezimika, lakini waliwahi kutoa tahadhari, polisi wakazuia magari yasipande daraja. Wafanyakazi sita waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake walikufa, na idadi ingekuwa kubwa zaidi bila onyo lile. Jopo lenye raia watupu lingeweza kuona daraja limeanguka na kutafuta kichwa cha kukata. Ndiyo maana nasisitiza: angalau mtu mmoja anayejua usukani aketi mezani, lakini asiwe mwenzake wa zamu.

Katiba yetu inasaidia. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na sababu kwa maandishi pale anapoweza kuathirika. Rubani au nahodha wa Kenya anayenyang'anywa leseni kwa simu ana njia ya mahakamani.

Ziwa lina nchi tatu

Hili ndilo ambalo mifumo yote minne haikuliwaza kwa ajili yetu, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote.

Marekani walijikwaa hapo kwa namna yao. Rubani wengi wa huko wana karatasi mbili: hati ya jimbo na leseni ya shirikisho inayotolewa na Walinzi wa Pwani. Mwaka 1974, katika kesi ya Soriano, mahakama ya rufaa ilisema Walinzi wa Pwani hawakuwa na mamlaka ya kuigusa leseni ya shirikisho ya rubani kwa kosa alilofanya akiwa kazini kwa hati ya jimbo. Mtu mmoja, meli moja, kosa moja, lakini upande mmoja wa serikali umefungwa mikono.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Meli ikitoka Kisumu inapita mlango wa ghuba karibu na Mbita, na muda si mrefu iko kwenye maji ya Uganda au Tanzania. Nahodha akisimamishwa Kisumu, kuna nini cha kumzuia asipate usukani Port Bell au Mwanza mwezi unaofuata? Hapa rubani wa Maziwa Makuu wa Kanada hafanani kabisa na wetu, maana kule ni nchi mbili zenye desturi ndefu ya kuandikiana barua.

Msingi upo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria makao yake ni hapa hapa Kisumu. Hatuhitaji kujenga taasisi mpya. Tunahitaji daftari moja la leseni linalosomwa Kisumu, Mwanza na Entebbe, ambamo kusimamishwa kwa mtu kunaandikwa siku ileile.

Gharama

Tume kamili ya mtindo wa San Francisco ni ghali kwa bandari yenye meli chache. Kule inalipwa kwa tozo ndogo juu ya ada ya kila meli, na meli ni nyingi. Kisumu tozo hiyo ingewaumiza wafanyabiashara wa masoko ya Jubilee na Kibuye kabla haijamlipa hata karani mmoja. Kujisimamia kwa mtindo wa Louisiana ni bure, na ndiyo sababu kutaletwa kwetu kwa maneno matamu.

Ninachokichagua, na kwa hali gani

Kama Kisumu ingekuwa na wingi wa meli kama Mombasa, ningechagua San Francisco bila kusita: wajumbe wa umma wakiwa wengi, vikao wazi, leseni na mafunzo chini ya meza moja. Mombasa yenyewe ningependa iende huko.

Kwa Kisumu ya leo nachagua Kanada, nikiiongezea mawili. Bandari na makampuni ya meli yaajiri, yalipe na kufundisha. Leseni na nidhamu zikae kwa Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, KMA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na ambayo haina meli wala gati la kuendesha. Kwa San Francisco nachukua jopo dogo la kusikiliza kesi: nahodha mstaafu asiye na mwajiri ziwani, mwanasheria, na mtu mmoja kutoka vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, kwa kuwa wavuvi ndio wanaolipia kosa la meli kwa nyavu zao. Jopo liketi Kisumu, si Nairobi wala Mombasa, na ripoti zake zichapishwe. Kwa Uingereza nachukua jino la kuiuma bandari yenyewe pale inapompa kijana meli asiyoiweza.

Louisiana siichagui kwa hali yoyote. Najua chama cha wataalamu huleta fahari na uzoefu, na chama cha marubani au manahodha kiwepo kifundishe na kutetea wanachama wake. Kisitoe leseni.

Wizara au KMA wakija kuchukua maoni ya umma kuhusu kanuni za ziwa, iwe Kisumu, Homa Bay, Usenge au Port Victoria, nendeni na maswali haya mkononi. Jopo la nidhamu lina watu wangapi wasiolipwa na meli wala bandari? Daktari wa marubani na manahodha anateuliwa na nani, na cheti chake kinadumu kwa muda gani? Meli ikigusa tope bila kupasuka, ripoti inaandikwa wapi, na mvuvi anaweza kuisoma? Aliyesimamishwa Kisumu, Mwanza wanajulishwa siku ya ngapi? Ombeni majibu yaandikwe ndani ya kanuni zenyewe, si kwenye hotuba ya siku hiyo.